Wadandiaji wa Tangi la Daktari wa Meno

Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe na watu wakalikubali kwa uvivu tu, aliingia kliniki kung'olewa jino, akasahau jino lenyewe. Pale chumba cha kusubiria palikuwa na tangi la samaki la maji ya chumvi, na katikati yake jiwe la baharini kubwa kama mto wa kulalia, limevaa matumbawe ya zambarau. Mate yalimtoka. Tangi alilomwahidi meneja wa hoteli lilikosa jiwe la namna hiyo tu, na meneja hakumung'unya maneno: Jumamosi likiwa kamili, la sivyo basi.

Msimdharau jamani, kazi yake ilikuwa ya kisomi. Kila jiwe la baharini huja na wadandiaji: minyoo, konokono wadogo, nyota wa bahari wenye miguu myembamba. Wengi wao hawana neno, wanakula mabaki na kusafisha mchanga. Mtaalamu aliwajua mmoja mmoja, na kila mmoja alishamsingizia mauaji. Mwenye tangi akishaingiwa na hofu, Mtaalamu hujitolea kumwondolea jiwe lenye balaa, bure kabisa, kwa huruma zake. Siku hiyohiyo jiwe linalala kwenye tangi lake.

"Daktari," alisema kwa sauti ya msibani, kapiga magoti mbele ya kioo. "Pole sana."

Daktari wa meno, mama wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, alisimama na koleo mkononi. "Pole ya nini tena?"

"Unamwona huyu mnyoo mwenye manyoya? Na huyo nyota anayechungulia? Majambazi hao, mama. Wiki mbili tu, tangi lote kaburi."

"Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana samaki wangu wanapotea?"

Mtaalamu nusura acheke. Watu bwana! Unawapa hofu kidogo, nyingine wanajiongezea wenyewe.

"Wameshapotea watano," daktari aliendelea. "Na humo jiweni kuna kitu kinagonga. Tak! Tak! Kama mtu anapasua karanga."

"Haohao," Mtaalamu alijibu bila kupepesa. "Nipe hilo jiwe nikalizike mbali na watu."

"Hapana, kaka yangu. Jiwe hili nililetewa na marehemu mume wangu." Daktari akajifuta jicho kwa ncha ya koti. "Labda ningepata samaki wa kunifariji. Wale wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe. Wawili hivi."

Roho ilimuuma. Alikuwa nao wanne, amewalea tangu wakiwa wadogo kama punje za mchele, na kila asubuhi aliwasalimia kabla ya kumsalimia mkewe. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho. Alikwenda akawaleta wawili ndani ya mfuko wa maji.

"Na uniandikie hapa kwamba nimekwambia kuna kitu kinagonga," daktari alisema. "Sitaki lawama."

Mtaalamu aliandika, akatia saini yenye mikia mitatu, akabeba ndoo yake yenye jiwe huku akijisifu moyoni. Laiti angegeuka! Marehemu alitoka chumba cha nyuma na kikombe cha chai. "Kalichukua?"

"Kalichukua. Na saini kaweka."

Miaka saba Mtaalamu alikuwa akiwaita wauaji viumbe wasio na hatia, mpaka akasahau kwamba wauaji wapo kweli. Jioni ile alilitia jiwe kwenye tangi la hoteli, walimokuwa samaki wake wawili waliobaki; lilipogonga alicheka, akaenda kulala.

Asubuhi meneja alifika nyumbani kwake, amevaa suti iliyonyooshwa. Jiwe lilikuwa linang'aa. Mchangani palitapakaa makombe ya konokono yaliyovunjika.

"Jiwe zuri," meneja alisema. "Samaki wako wapi?"

Mtaalamu alitafuta kila pembe. Wale wawili waliobaki hawakuwepo, si mmoja, si mwingine. Aliwapenda kweli, pengine ndicho kitu pekee alichokipenda bila ujanja. Tak! Kutoka kwenye tundu la jiwe akajitokeza kamba mmoja wa baharini, wa kijani na mwekundu, mrefu kama kidole, macho yanazunguka, ngumi mbili za kupasulia konokono zimekunjwa kifuani.

"Nini hicho?"

Mpango ulikuwa unateleza. Mtaalamu akameza machozi, akatabasamu. "Ah, huyu? Mdandiaji tu, mzee. Hana neno kabisa! Ngoja umwone."

Akatumbukiza mkono.

Yowe lake lilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Alipoutoa mkono, kidole gumba kilikuwa kimeshavimba, na meneja alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mzee, subiri! Nitakupunguzia bei!"

"Mtunze tu huyo asiye na neno," meneja alisema, akafunga mlango taratibu.

Mtaalamu akabaki ameshika kidole chake, analia waziwazi, mara kwa maumivu, mara kwa samaki wake. Ndani ya tangi, kamba aliiona sura yake mwenyewe kwenye kioo, na haikumpendeza. Akakunja ngumi, akakilenga kioo.