Jogoo wa Zambarau

Leo nimejiaibisha mbele ya mama, kaunti na jogoo mmoja. Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni Voi.

Mnajua mama ameweka simiti uwanjani. Ameutamani uwanja huo tangu nikiwa shule ya msingi. Mteremko niliusimamia mimi, kwa programu ya simu inayopima usawa, ili maji yaelekee mtaro wa barabarani. (Mimi siamini kitu bila ushahidi. Simu niliiamini tu.)

Juzi usiku mvua ikanyesha. Jirani yetu, Mama Wakesho, akaenda kushtaki kwamba maji yetu yameingia kwake. Sheria ya kaunti inasema maji ya paa lako na ya uwanja wako yaishie mtaroni au kwenye shimo lako, yasimfikie jirani. Ukikaidi, simiti inavunjwa. Mama hajalala vizuri tangu hapo.

Leo asubuhi afisa wa kaunti akafika, mtu mpole, shati jeupe.

"Afisa, nina swali," nikamwambia. "Mvua ikiwa huko juu ni ya Mungu. Inakuwa yetu lini?"

"Ikigusa mabati yenu."

"Na ikidunda ikaruka?"

"Mwadime," mama akasema, "mwache mtu afanye kazi."

Afisa akatazama uwanja, akatazama ua wa waya, akasema tuchimbe kamtaro kando ya ua, yaishe. Mama akashusha pumzi. Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza. (Wenye akili hunyamaza hapo.)

"Tuchimbe kwa nini? Nani aliyaona hayo maji yakipita? Ilikuwa usiku."

"Niliyakanyaga," Mama Wakesho akajibu kutoka upande wake.

"Kukanyaga si ushahidi, mama. Pengine ni maji yako mwenyewe."

"Haya, Profesa. Tuonyeshe."

Nikaingia ndani nikachukua rangi ya mama, ile ya zambarau anayotilia katani za kusukia vyondo, vile vikapu vyake. Nikaikoroga kwenye pipa la maji, yote, ili mtu asije akasema hakuona vizuri. Mama alikuwa anamchemshia afisa chai. Nikaliinamisha pipa chini ya mfereji wa paa.

Maji yakaanza safari kuelekea barabarani. Nikatabasamu. Katikati ya uwanja yakapunguza mwendo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Halafu yakageuka. Yakapita chini ya waya, yote, hakuna hata tone lililochelewa.

Upande wa pili, katika kishimo cha vumbi, alikuwa amelala jogoo mweupe wa Mama Wakesho, amefungwa mguu kwa kamba. Kesho ni ibada ya mavuno, na huyo ndiye sadaka yake. Amemlisha mahindi tangu akiwa kifaranga.

Kishimo kikajaa. Jogoo akapigapiga mabawa, na kila alivyopiga ndivyo alivyojipaka. Aliposimama alikuwa zambarau kuanzia shingoni hadi mkiani.

Mama Wakesho akamwinua, akamgeuza huku na huku mbele ya afisa.

"Andika. Maji yamefika."

"Nimeona, mama," afisa akasema. Akainamia karatasi zake kwa muda mrefu sana, mabega yakimtetemeka.

Mama akatoka na chai. Akatazama pipa. Akatazama jogoo.

"Hiyo ni rangi yangu?"

Jogoo tumemwosha kwa sabuni ya kipande, ya unga na ya maji. Rangi ya mama haichuji. (Mama ameumia, lakini nimemwona akijivunia kidogo.) Nikajitolea kuleta jogoo mwingine. Mama Wakesho akakataa.

"Huyu ndiye niliyemwahidi Mungu. Ila sitambeba mimi. Utambeba wewe, mpaka mbele kabisa."

"Na amevaa kama askofu," mama akaongeza.

Simiti imepona. Mtaro kando ya ua nimeuchimba mimi, jua la Voi utosini. Nilipopumzika nikailaza simu sakafuni nijue kosa lilikuwa wapi. Haikulala. Kava yangu ina kipete cha kushikia mgongoni, na siku zote nilizopima, simu ilikuwa imeinama.

Sasa ombi, kwa wale tunaosali pamoja. Kesho mkiniona natembea kuelekea madhabahuni na ndege wa zambarau kwapani, fanyeni kama ni wakati wa maombi. Fumbeni macho.