Ng'ombe Kumi na Wawili wa Shemeji

Jumanne, 8 Julai 2025
Nimetoka Kahama. Gari nimeliona. Probox nyeupe, kioo cha nyuma kina ufa, tairi zote nzima. Milioni kumi na nne. Mchomoko kama ule, gari dogo la abiria, Kharumwa hadi Kahama, hauachi chini ya elfu sabini kwa siku baada ya mafuta. Nimepiga hesabu mara tatu.

Agapiti mwenye yadi aliandika jina langu kwenye kompyuta. Akanigeuzia kioo chake. Mimi huyo, kwa wino mwekundu! Mkopo wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, milioni ishirini na mbili, umeshindikana kulipwa. Hawakuandika kwamba mwamba ulipotea na mawe yakaisha. Wala kwamba nilianza na nyundo na beseni, bila baba wa kunishika mkono.

Agapiti anasema nisafishe jina kwanza. Nichukue mkopo mdogo, nilipe miezi sita bila kuchelewa hata siku moja, ndipo nirudi na kianzio cha milioni tano. Na gari lina kifaa. Ukichelewa kulipa siku tatu, wanalizima kutoka ofisini. Nikauliza, hata nikiwa darajani? Akasema kifaa hakijui daraja.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata njia. Nakopa milioni moja, siigusi. Inakaa ndani ya debe la mchele, nailipa kwa yenyewe. Marejesho sita ya laki moja na tisini na tano. Jumla milioni moja, laki moja na sabini. Maana yake sabuni ya kuogeshea jina ni laki moja na sabini. Rahisi!

Kwenye ofisi ya mikopo hapa Kharumwa yupo binti mmoja, Paskalia. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akauliza dhamana. Nyumba imekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu. Mdomo ukasema wenyewe: ng'ombe. Wangapi? Kumi na wawili. Kumi ingesikika kama uongo. Atakuja Ijumaa saa nane kuwahesabu. Nikasaini karatasi inayosema mdanganyifu atapelekwa polisi. Saini ikatoka kama ya mtu mwingine. Labda itanisaidia.

Jioni kipaza sauti kikapita barabarani. Niliingia chini ya kitanda. Mwaka jana dalali alikuja na kipaza kama hicho, akalitangaza jina langu kijiji kizima kabla ya kuuza karasha. Leo ilikuwa chanjo ya kuku. Salvina, mke wangu, aliuliza natafuta nini huko chini. Nikasema kandambili. Nilikuwa nimezivaa.

Alhamisi, 10 Julai
Makoye, kaka yake Salvina, ana ng'ombe arobaini na anawasimulia kama aliwazaa yeye. Kuniazima kumi na wawili kwa siku moja: elfu tano kila kichwa. Elfu sitini! Nikaomba punguzo. Akasema basi niwachukue bila vichwa. Nimelipa. Tumekubaliana: mtu akiuliza, aseme ni wangu, yeye ananitunzia tu. Ameapa. Usiku sikulala.

Ijumaa, 11 Julai
Ng'ombe walifika asubuhi. Wakakaa uani kwangu kwa heshima. Saa nane, kimya. Saa kumi Paskalia akapiga simu, pikipiki imepata pancha. Akafika saa kumi na moja na nusu. Akaanza kuhesabu. Moja, mbili... Alipofika tisa, kiongozi wao, jike jeusi liitwalo Kalunde, akainua kichwa. Akalitazama jua. Akaondoka. Wote kumi na mmoja nyuma yake, mstari mmoja.

Jua likiinama ng'ombe hurudi alikofungwa ndama wake. Nalijua hilo tangu nina miaka mitano! Nilipiga hesabu ya riba hadi shilingi ya mwisho, nikalisahau jua.

Nikatanua mikono njiani. Kalunde alinipita kama nguzo.

"Baba Justa," Paskalia akasema taratibu, "mbona mali yako inahama?"

Nikasema wanakwenda kunywa maji. Akatazama karai lililojaa maji miguuni pangu. Akapanda pikipiki, akawafuata. Nikakimbia nyuma, nikila vumbi.

Kwa Makoye, Paskalia akamnyooshea Kalunde kidole, akauliza ni wa nani. Nilimkonyeza shemeji kwa macho yote mawili. Nikaona anajitahidi. Midomo ikachezacheza. Lakini mtu asiye na kingine cha kujivunia ataweza wapi?

"Huyu? Mama yake nilimnunua mnada wa Didia kwa pamba ya mwaka mzima. Huyu ni wangu, mayu, mama yangu. Hata shemeji afe leo hapa, huyu ni wangu."

Akaendelea hadi giza, ng'ombe mmoja mmoja, wote arobaini. Paskalia aliandika muda mrefu sana. Sijui aliandika nini.

Jumapili, 13 Julai
Siku mbili nangoja polisi. Kanisani katekista akashika kipaza sauti, nikatokea mlango wa nyuma. Kumbe michango ya kwaya.

Mchana Paskalia akapiga. Polisi hapeleki. Mkopo hakuna, na jina langu amelitia alama. Sasa nina wino mwekundu mara mbili. Elfu sitini Makoye harudishi. Anasema ng'ombe walikuja, hawakuja?

Alhamisi, 17 Julai
Probox nyeupe nje! Ina ufa kwenye kioo. Ndani yake Makoye, kiti cha abiria, maana kuendesha hajui. Paskalia aliwapenda ng'ombe arobaini. Mkopo umetoka ndani ya siku nne, kianzio kikalipwa. Gari langu!

Anataka dereva. Nimpe hesabu ya elfu hamsini kwa siku, inayobaki yangu. Elfu ishirini mara siku ishirini na sita, laki tano na ishirini. Nikauliza marejesho atalipa lini. Akasema akikumbuka. Chini ya usukani kifaa kinawaka, kinazimika, kinawaka. Darajani nitakuwa mimi, si yeye. Nikakubali.

Jumamosi, 19 Julai
Geita wamefungua ofisi mpya ya mikopo. Hawanijui. Nimewapigia, watakuja Jumatano kuhesabu ng'ombe.

Salvina ameniuliza kama nimejifunza. Sana, nikamwambia. Kosa lilikuwa moja tu: kamba. Ng'ombe aliyefungwa na alitazame jua apendavyo. Kamba kumi na mbili, elfu mbili na mia tano kila moja, elfu thelathini. Nimezichukua dukani kwa Mama Ritha, nitalipa Ijumaa. Aliniangalia kwanza. Kisha akaliandika jina langu kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Anadai ya bluu imekwisha.