Bima Niliyouziwa Nikiwa Nacheka

Jumapili, 11 Januari 2026

Theluji tangu alfajiri. Nimerudi kutoka kanisani, nimekaa dirishani na chai, naiangalia inavyoshuka juu ya gari langu. Gari jekundu, theluji nyeupe, Silver Spring yote, hapa Maryland, kimya. Nikajiona nimelifikisha Mbaga, kwetu Upare, nalipandisha mlima polepole, watoto wanakimbia nyuma, na mjomba aliyesema sitafika popote amesimama kando ya njia, kofia mkononi. Chai imepoa. Sijui nilikaa pale muda gani.

Habari kubwa ya leo imeletwa na Kasoki, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Butembo. Alikuja kuazima sufuria, akamsimulia mke wangu kwamba kampuni ya mkopo imemrudishia pesa. Pesa zipi tena? Aliponunua gari lake walimchomekea bima ya kulinda marejesho. Ukiugua au ukiumia ukashindwa kufanya kazi, bima inalipa mkopo wa gari badala yako. Yeye hakuiomba wala hakuelezwa. Akalalamika, wakatii. "Bon, niliwaambia tu ukweli," anasema, "na cheque ikakuya."

Nimekimbilia droo. Na mimi ninayo! Imo kwenye mkataba wangu, ukurasa wa mwisho, nailipia kila mwezi. Muda wote huu naibiwa huku natabasamu.

Mke wangu, Vumilia, amesema nisiguse nisichokielewa. Gari lile ndilo linalompeleka Germantown kila asubuhi kwa bibi mgonjwa anayemtunza, na likimshusha, mimi nabeba abiria mjini mpaka jioni. Gari likienda, amesema, tumekwisha. Nimemjibu kwamba sizungumzii gari kwenda, nazungumzia pesa kuja. Vumilia huona mawingu hata jua likiwaka.

Jumatatu, 12 Januari

Nimeikumbuka vizuri siku niliyouziwa. Muuza magari alikuwa Cosmas, Mchagga wa Rombo. Mimi Mpare. Yaani mtani wangu halisi, na watani hawafanyi biashara kimyakimya. Tulicheka mpaka Mzungu wa ofisi ya jirani akafunga mlango wake. Kila nilipoinamia karatasi, Cosmas aliita wenzake waje kumtazama Mpare, anasoma, anatafuta senti iliyodondoka. Ningefanyaje? Nikasaini kurasa zote bila kusoma, kwa madaha, heshima ya Upare nzima ikiwa kwenye ncha ya kalamu. Hiyo si hiari. Hapo utani umegeuzwa silaha.

Watu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanasema kwa kejeli. Babu yangu alifanya hivyohivyo, na yule kuku alirudi nyumbani.

Mchana nilikuwa Shaw, mtaa wa Washington, namsubiri abiria. Nikaiona ofisi yangu, Georgia Avenue, kibao juu ya mlango: EZEKIEL, MTETEZI WA WALIOUZIWA VIBAYA. Viti vya kusubiria, ua kwenye chungu. Wakongo, Warundi na Wakenya wamepanga foleni mpaka kwenye duka la Wahabeshi, na Kasoki yuko mapokezi anawatuliza. Kisha kioo kikagongwa. Kumbe abiria alikuwa nje kwenye baridi muda wote huo, mlango nimeufunga. Amenipa nyota moja kwenye simu, kati ya tano.

Alhamisi, 15 Januari

Barua ya malalamiko kwa kampuni ya mkopo imekamilika. Kurasa kumi na moja. Nimeanza na chimbuko la utani wenyewe, Kilimanjaro na milima ya Upare ikitazamana tangu kuumbwa. Nimeweka sehemu kuhusu ubahili, ambao nimeukanusha. Mwisho nimewaeleza wazi kwamba mtani akikucheka huruhusiwi kukasirika wala kukataa, kwa hiyo saini iliyowekwa mbele ya mtani si saini.

Vumilia ameisoma yote amesimama. Akauliza kama ni kweli Cosmas hakunieleza ile bima. Nimesema inawezekana alieleza. Wakati ule mimi nilikuwa naliangalia gari jekundu nje ya dirisha, nimeshaliendesha hadi Mbaga na kurudi. Akauliza mbona hilo halimo kwenye barua. Nimemwambia barua imeshakuwa ndefu.

Nimeituma. Nilipotoka posta nilitembea kama mtu aliyevaa suti.

Jumamosi, 17 Januari

Ubatizo wa mtoto wa Akimana, Mrundi tunayesali naye, ukumbi wa kanisa. Pilau nzuri, viazi vingi mno. Nimegawa kadi zangu za kazi ya utetezi, herufi za dhahabu, nimezichapisha kwa kutegemea hundi inayokuja. Watu watatu wamezipokea. Mmoja amefutia mchuzi.

Cosmas alikuwepo. Nilijificha nyuma ya kreti za soda, akanifuata hukohuko. Alisema amesikia Mpare amemshtaki Mchagga Marekani baada ya kushindwa Tanzania, na kwamba kamisheni yake ikikatwa atakuja kula kwangu, ingawa anajua kwa Mpare atapewa makande ya jana. Ukumbi mzima ulicheka. Halafu akanivuta pembeni, akaacha kucheka, akaniomba bima ile nisiitoe, hasa msimu huu wa barafu. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba Mchagga akianza kukuhurumia, shika mfuko wako. Walicheka zaidi kuliko walivyomcheka yeye.

Nimeshinda. Nilipofika kwenye gari nikakuta ameniwekea sahani ya nyama imefunikwa vizuri. Nimeila. Ushahidi haukai na mchuzi.

Jumatano, 28 Januari

Wamepiga simu! Mama mmoja wa kampuni ya mkopo, sauti laini kama blanketi. Alisema amesoma barua yangu yote, lakini hakuuliza lolote kuhusu Kilimanjaro, jambo ambalo limenivunja moyo kidogo. Alisema nikitaka, wataifuta bima na kunirudishia nilichoilipia. Kisha akasema kuna maelezo anayopaswa kunisomea.

Akaanza kusoma. Kiingereza chake kilishuka taratibu, taratibu, mvua juu ya bati, na mimi nikaondoka. Nilikuwa Mbaga barazani. Hundi nimeitia kwenye fremu, imetundikwa ukutani karibu na picha ya babu, na mjomba anaomba kuiona kwa karibu. Kila sauti ile iliposimama nilisema ndiyo. Ikaendelea. Ndiyo. Ikauliza kama nina hakika. Ndiyo, mama, ndiyo.

Vumilia aliuliza wamesemaje. Nimesema wamesema ndiyo. Akasema alichosikia yeye jikoni ni mimi nikisema ndiyo, wao hakuwasikia. Tofauti ndogo hizi ndizo zinazomnyima usingizi mke wangu.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika nikiwa hospitali. Wamenipa dawa, maneno yanaelea.

Mvua ilinyesha usiku ikaganda. Asubuhi Vumilia alipewa lifti na mwenzake wa kazi, mimi nikabaki dirishani kuingojea posta, kama nilivyofanya wiki yote. Uwanja mzima ulikuwa unang'aa, kila tawi limevishwa kioo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Gari la posta likaingia.

Nilishuka na kandambili. Kasoki alinipigia kelele kutoka mlangoni kwake, "Papa Ezekieli, glace! Barafu! Hawajatia chumvi ya kuiyeyusha!" Nilimpungia mkono. Nilifika kwenye masanduku ya barua salama salimini, hilo naomba likumbukwe. Hundi ilikuwamo! Nikaifungua palepale, nikaiinua juani ili niione inavyopitisha mwanga, na nikaanza kurudi nikiisoma hivyo, juu, huku natembea. Jina langu lilikuwa limeandikwa bila kosa.

Kisha nikaona mbingu. Mbingu pana, bluu, haina doa. Nilishangaa kwa nini imekuja mbele yangu. Hundi bado ilikuwa mkononi. Mguu wa kulia ulikuwa unaangalia upande wake. Kasoki alikuja na ndoo ya chumvi, ananyunyiza na kulia kwa pamoja, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Jumatatu, 9 Februari

Nyumbani. Plasta kutoka kidole hadi juu ya goti. Daktari amesema nisiendeshe gari mpaka miti ichanue. Mguu wa kulia ndio wa mafuta na wa breki. Wa kushoto ni mzima kabisa na hauna kazi yoyote.

Nikakumbuka! Nimeumia, siwezi kufanya kazi, mkopo wa gari upo. Si ndiyo maana ya bima? Nikawapigia. Ilikuwa sauti ileile laini. Nilimweleza habari ya mguu, akanipa pole ya kweli kabisa. Halafu akaniuliza kama nakumbuka tulichozungumza.

Nimemwambia Vumilia jioni, aliporudi. Nilijiandaa kwa kelele. Hazikuja. Alikaa ukingoni mwa kitanda bado amevaa koti la kazi, akachukua funguo za gari kwenye meza, akazishika tu. Rejesho la mwezi huu linadaiwa, na mwisho wa hayo ni gari la kukokota magari mabovu kuja kulichukua letu. Kesho ataanza kwenda Germantown kwa basi, maana yeye hajui kuendesha, atatoka kabla hakujapambazuka, kwenye barafu ileile. Laiti angepiga kelele. Nimelala macho, na kwa mara ya kwanza siota chochote.

Jumamosi, 14 Februari

Cosmas amekuja. Amebeba sufuria ya mtori, chakula cha wazazi, akapita moja kwa moja hadi kitandani, akanipa hongera ya kujifungua salama. Akaigonga plasta, akauliza mtoto anafanana na nani. Akasema ni mara ya kwanza anasikia Mpare ameshinda kesi ya kuku halafu kuku akamvunja mguu. Nilicheka hadi mguu ukauma. Hata Vumilia alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Ijumaa ile.

Kisha akakaa kama mtu wa nyumbani na kupanga mambo. Anakouzia magari ni njia hiyohiyo ya Germantown, atampitia Vumilia kila asubuhi na kumrudisha. Jioni atalitumia gari langu kubeba abiria, na atakachopata kitalipa rejesho mpaka nisimame. Tayari ameshazungumza na kampuni, watavumilia wiki chache.

Vumilia alimuuliza kwa nini, na kamisheni yake nimeikatisha mimi. Cosmas alisema mtani haachwi mikononi mwa wageni, maana akifa yeye, huyu Mpare ndiye atakayelala kwenye kaburi lake akidai alipwe ndipo azikwe. Ndiyo mila. Halafu akasema kwa sauti ya chini, akimwangalia Vumilia, si mimi, kwamba bima ile aliniwekea makusudi. Siku ile aliniona nimevuka barabara kulifuata gari jekundu bila kuangalia kulia wala kushoto. Akajua huyu mtu ataumia tu. Alinieleza mara mbili. Nilisema ndiyo mara zote mbili.

Nilinywa mtori. Ulikuwa mzuri mno, na nilishindwa kuinua uso. Niliona haya. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumanne, 17 Februari

Theluji tena. Nimeegeshwa dirishani na mito miwili. Bili ya gari la wagonjwa imekuja, imemeza hundi yote, na kadi za dhahabu nazo bado sijazilipia. Hata hivyo nina amani moyoni. Gari jekundu lipo pale chini, halijachukuliwa, linafunikwa polepole. Vumilia yuko Germantown, ameenda na Cosmas, ndani ya gari lenye joto.

Nimekaa natafakari somo la mambo haya. Mtu lazima ajifunze. Na kadiri theluji ilivyoshuka ndivyo nilivyozidi kuona wazi kosa lilikuwa wapi.

Ni ile sauti! Kampuni gani humsomea mteja onyo kwa sauti ya kubembelezea watoto? Yule mama aliuliza kama nimeelewa. Aliuliza kama nina hakika. Hakuuliza hata mara moja kama nipo. Mimi nilikuwa Mbaga. Mtu aliye Mbaga hawezi kukubali jambo Maryland. Kwa hiyo bima haikufutwa kihalali, nilifutiwa vibaya, na kufutiwa vibaya kuna fidia kubwa kuliko kuuziwa vibaya, inabidi iwe hivyo. Nimeshaiona hundi ya pili. Ni ndefu kuliko ya kwanza.

Vumilia ameficha kalamu zote za nyumba hii. Ametafuta mpaka chini ya godoro. Amesahau wanja wake wa penseli bafuni, na magongo yangu yanafika bafuni. Unaandika vizuri sana, laini, mweusi.

Kwa Wahusika. Nalalamika vikali kwamba mlikubali malalamiko yangu. Shahidi wangu ni Cosmas wa Rombo, mtani wangu, ambaye kabla hajatoa ushahidi ni lazima mwelewe utani ni nini na ulianzaje.

Wanja unaelekea kwisha na ndiyo kwanza nimefika Kilimanjaro.