Mashuka Sita ya Kumpongeza Sajini

Jumatatu, 10 Machi

Anatahiniwa Alhamisi! Mwanangu! Akifaulu ataongoza ndege za jeshi peke yake, bila mtu wa kumsimamia mgongoni. Akianguka wanamrudisha kambi ile ya mbali, siku mbili kwa basi, akakae ghalani kuhesabu mablanketi. Mtoto mwenye sauti ile! Mablanketi!

Haya, daftari langu, hujambo? Sijakusalimu, nisamehe. Mimi sijambo, ila moyo unakwenda kama cherehani.

Sajini wangu anakaa juu ya ule mnara ulio nyuma ya uzio, vioo pande zote, kisikilizio masikioni. Ndege ikitaka kutua, sharti imwombe. Ikitaka kuruka, sharti imwombe. Rubani awe na nyota begani kama mbingu nzima, binti niliyemfuta kamasi mimi akisema ngoja, anangoja. Na mimi niliishia darasa la saba, nashona sare za shule na mapazia. Mungu ana mambo yake.

Tatizo ni jirani. Tunamwita Mama Rubani kwa sababu mwanawe ni rubani hapo hapo kambini, na kwa sababu ukimwita jina jingine haitiki. Leo kaja nimtanulie gauni, eti limenywea kwa sabuni. Sabuni! Akauliza kama binti yangu bado "anapokea simu" kule mnarani. Nikamwambia, shoga, mwanao ana usukani, wangu ana neno. Bila neno la wangu, wako atazunguka huko juu mpaka atue kama jani kavu. Akajibu kwamba hajaona dereva akiwa chini ya mfungua geti. Sindano ikamgusa kiunoni. Bahati mbaya. Karibu iwe bahati mbaya.

Jumanne, 11 Machi

Nimejua siri ya kazi! Si za jeshi, hizo haniambii hata nimpikie nini. Ni hii: mnarani mtu akiambiwa jambo hasemi "sawa", wala "nimesikia". Analirudia vile vile alivyoambiwa, na aliyesema anasikiliza kama limerudi zima. Wakishindwa hapo, watu wanakufa.

Nikasema, hii ndiyo dawa ya nyumba hii. Nimeianza leo leo kwa Baba Sajini, mume wangu, mstaafu wa posta, bingwa wa kusema ndiyo na kukaa palepale. Nimemwambia: uzi mweupe, vifungo kumi na viwili, urudi kabla ya saa nne. Akasema ndiyo. Nikasema rudia. Akanitazama kama nimepandwa na homa. Akarudia. Saa tatu na nusu alikuwa mlangoni na uzi mweupe na vifungo kumi na viwili! Miaka thelathini ya ndoa, kumbe nilikosa kitu kimoja tu.

Kwa furaha hiyo nikaoka keki nimpelekee mtahini, meja mmoja aliyetoka makao makuu. Si hongo. Ni ukarimu. Mtu akila vizuri hutahini vizuri.

Mlinzi wa geti akataka kibali. Nikamwambia kibali changu kiko juu ya mnara, nilikibeba miezi tisa. Akataka cha karatasi. Hana hata ndevu! Kisha akaichoma keki kwa waya, tundu thelathini, sijui akitafuta bomu au zabibu. Kisha akaiambia redio yake, polepole, mama wa Sajini yupo getini na keki. Redio ile, nimekuja kuambiwa, inasikika kote. Ghalani. Jikoni. Mnarani!

Jioni Sajini karudi masikio yamewiva. Anasema meja alimuuliza mbele ya wenzake kama angependa ruhusa akapokee keki. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mama, nakuomba. Alhamisi usifanye kitu. Kaa tu."

Nikamwambia sawa. Sikurudia, kwa hiyo haihesabiki.

Keki tumeila wenyewe. Inafanana na kichujio, lakini tamu.

Jumatano, 12 Machi

Kukaa tu! Mimi! Mama aliyekaa tu alizaa nini?

Nimefikiri vizuri. Kumgusa mtahini nimekatazwa. Kumtia mwanangu moyo sijakatazwa. Na paa letu bapa linaonekana kutoka mnarani. Aliwahi kumwona baba yake kwa darubini amelala chali juu huko, saa ile ile mzee aliponiambia anakagua tangi la maji. Kwa hiyo ameliona paa, ataona na maandishi.

Nimechukua mashuka meupe sita, mawili ya kitandani kwetu, manne ya wageni, nikayaunganisha yakawa kitu kimoja kama tanga. Herufi nimekata kwenye mapazia mekundu ya sebuleni, yale ya maua. Nilitaka HONGERA MWANANGU. Kitambaa kikaishia HONGERA MWANA. Lilibaki pazia la dirisha la mlangoni, lakini Baba Sajini alisimama mbele yake mikono ameitandaza kama golikipa. Nimemwachia. Vita huchaguliwa.

Akaleta na methali: usikate mbeleko mtoto hajazaliwa. Mtihani ni kesho, hongera ya nini leo? Nikamwambia mimi ni fundi. Mbeleko za nusu ya watoto wa mtaa huu nilizikata wakiwa tumboni, na wote walitoka, tena wengine wakorofi.

Akataka kamba nane, kila pembe mbili. Hapana! Kitu kilichobanwa hakionekani, sharti kicheze na upepo. Nikamwambia: kamba mbili, juu tu. Rudia. Akarudia: kamba mbili, juu tu. Neno limerudi zima. Usingizi utakuwa mtamu leo, hata bila mashuka.

Alhamisi, 13 Machi

Nisomeke nisisomeke, naandika.

Saa nne asubuhi likapanda. Zuri! Herufi kila moja urefu wa mtoto wa chekechea. Nilisimama chini yake, juu ya paa, kama kamanda. Nikapunga mkono kuelekea mnarani.

Upepo ukaja mmoja. Shuka likacheza, ndicho nilichotaka. Ukaja wa pili. Kamba ya kulia ikakatika. Ya kushoto haikungoja kuambiwa. Likainuka lote, likavuka uzio bila kibali, likaenda kujilaza katikati ya njia ya kutulia ndege. Likatandikika vizuri, bila kunyanzi, kama kitanda cha mgeni.

Na kule mwisho wa anga, ndege. Ile ya tumbo kubwa ya kubeba askari. Magurudumu yameshatoka. Inashuka.

Mama Rubani alikuwa uani kwake anaanika nguo. Beseni likamwanguka. Ndege ile asubuhi aliondoka nayo mwanawe! Alipandaje ngazi zetu na mwili ule, sijui, nilimwona tu yuko kando yangu anahema. Akauliza kile ni nini. Nikamwambia ni mashuka yangu. Hakunitukana. Alinishika mkono tu. Ulikuwa na mapovu ya sabuni.

Ndege ikaja. Ikaja. Nikayaona mpaka matairi. Kisha pua ikainuka, ngurumo ikatikisa tangi, ikapita juu ya vichwa vyetu na kwenda zake kuzunguka upya. Gari la jeshi likatoka mbio, askari wawili wakayakunja mashuka. Vibaya, pembe haikukutana na pembe, lakini wakayaondoa. Ndege ikarudi. Ikatua kama unyoya.

Kwa robo saa nzima mimi na Mama Rubani hatukugombana. Tulikaa juu ya saruji tumeshikana kama wachumba. Kisha akapumua, akasema mwanawe ana mikono ya dhahabu. Nikamuuliza hiyo mikono ingejuaje, kama haikuambiwa? Akaniachia mkono. Tukawa wazima.

Jioni Sajini akaingia na furushi kwapani. Akaniamkia shikamoo. Marahaba yangu ilitoka ndogo kama ya panya. Nikafikiri, mablanketi. Nimempeleka mwanangu kwenye mablanketi kwa mashuka.

Akakaa. Akasimulia taratibu. Aliona kitu kinaruka uzio, akachukua darubini, akaona herufi nyekundu zenye maua. Maua yale! Ndiyo aliyokuwa akiyahesabu akiwa mdogo, nikimlazimisha kulala mchana. Akajua pale pale ni ya nani. Meja kasimama nyuma yake na kalamu. Sajini akamwambia rubani asitue, apande, azunguke, kuna kitu njiani. Rubani akarudia. Akaliambia gari liingie. Gari likarudia. Ikaisha.

Halafu kuna fomu, sharti aijaze. Kitu gani: mashuka sita yaliyoshonwa pamoja. Maandishi: HONGERA MWANA. Mwenye nayo: mama yangu mzazi.

Meja akaisoma mara mbili. Akavua miwani. Akamuuliza alijua lini kwamba ni ya mama yake. Akajibu, tangu kwenye darubini, afande. Kabla ya kuongea na ndege? Kabla. Meja akavaa tena miwani. Kisha akasema amesikiliza mkanda wa kunasia sauti, na kwenye sauti ile hajamsikia mtu aliyetoka kuona shuka za mamaye zimelala mbele ya ndege. Akasaini.

Amefaulu! Anabaki! Nilipiga vigelegele hadi dirishani. Sajini akasema, "Ngoja, mama." Nikangoja. Akasema mle ndani ya ndege walikuwemo watu arobaini na wawili. Arobaini na wawili, mama. Sauti ikamkatika hapo, ile ile iliyomaliza kutwa bila kukatika, akanilalia begani akalia. Vigelegele vikanikauka. Nilimshika kichwa kama zamani.

Alipojipangusa akaniambia niseme: sitatundika kitambaa chochote juu ya paa. Rudia. Nikarudia. Neno likarudi zima.

Baba Sajini alipoulizwa kuhusu kamba alijibu aliambiwa mbili, juu tu, akarudia, akathibitishiwa. Sajini akamwambia kwa utaratibu hana kosa. Kwa utaratibu! Nyumba yangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Barua! Kutoka kwa mkuu wa kambi! Imeletwa na askari wa pikipiki, ina mhuri mkubwa kama sahani ya kikombe. Imeandikwa kwa wakazi wote wa kando ya uzio, lakini askari alibisha kwangu kwanza, na mimi peke yangu ndiye niliyetakiwa kutia saini. Mtaa mzima umeona.

Inasema ni marufuku kuweka juu ya paa vitambaa, mashuka, mapazia, mabango au nguo zisizofungwa imara. Kanali mzima ameketi, ameshika kalamu, ameandika neno mapazia. Alikuwa akimfikiria nani? Nimeitia kwenye fremu, nimeitundika sebuleni, pale penye dirisha tupu. Sajini ameitazama kwa muda, akafunga macho, akaenda zamu.

Ila furaha haikosi inzi. Mama Rubani anatangaza bombani kwamba mashuka yalikuwa ya mwanawe! Eti yameandikwa HONGERA MWANA, na yalitandikwa mbele ya nani kama si mbele yake? Watu wanakwenda kumpa mkono. Anaupokea! Na gauni bado liko kwangu. Litatanuka atakapotubu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua. Sherehe. Kubwa. Mji mzima ujue aliyefaulu ni nani, na mama yake ni nani.

Tusidanganyane, daftari. Nani aliyemfaulisha? Meja alikuja na maswali ya vitabuni. Nani aliyemtungia lile la kweli? Simwambii Sajini, ana aibu, lakini najua mimi.

Wataitwa dada zangu wawili, shemeji wa maneno mengi, mafundi wenzangu wote, mlinzi wa geti, na meja kama bado hajaondoka. Mama Rubani naye, akae mbele kabisa asikie vizuri.

Barua ya Kanali nimeisoma upya mara tatu, kidole juu ya kila neno, mimi si mtu wa kuvunja amri. Vitambaa. Mashuka. Mapazia. Mabango. Nguo. Kanali ni mtu makini. Angetaka kukataza maputo angeandika maputo.

Nimeagiza mia mbili. Mekundu, ya gesi, yale yanayopanda yenyewe. Baba Sajini amekaa chini ghafla, ameomba maji. Nimemweleza kwa upole: kosa la mashuka lilikuwa kuanguka njiani. Puto halianguki. Linakwenda juu, kwenye nafasi, ambako hakuna mtu.

Siku hiyo Sajini yuko zamu mpaka saa nane mchana. Nitayaachia saa saba na nusu kamili, ayaone yote akiwa bado mnarani.

Jumapili, tarehe 23 Machi. Waje wote, na waje mapema.