Kiti Bandia Anacholalia Tonge

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapenda Magari ya Spoti ya Zamani.

Shikamoo, mzee wangu. Naomba uipokee ingawa imekuja kwenye karatasi. Natumaini wewe, mama wa nyumbani na gari lako mko salama. Sisi huku wazima, isipokuwa kwa hili linalonifanya nishike kalamu, kitu ambacho sijakifanya sana tangu niache shule.

KUHUSU: OMBI LA KITI KISICHANWE SIKU YA JUMAMOSI

Mimi ni mke wa fundi viti, yule uliyemletea gari lako la kijani lenye viti viwili, kimoja kizima na kingine kimeliwa na panya mpaka kikabaki fremu. Ulimwagiza akitengenezee kile kizima pacha wake, vifanane mpaka kwenye nyufa za ngozi, na ukamkataza kukifumua kile cha asili hata uzi mmoja. Alitii. Alikipima kwa nje, akakichora, akakishona kipya, kisha akaanza kukizeesha. Alikipaka chai ya rangi na majivu, na kila asubuhi alimwacha mtoto wetu akirukierukie. Kile chako cha asili akakiosha kwa sabuni na kukilainisha kwa mafuta, kwa sababu mume wangu hawezi kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kichafu. Ndivyo mama yake alivyomlea.

Siku Bwana Mkaguzi wenu alipokuja na mambo ya cheti cha uhalisi, mume wangu alikuwa ametoka kutafuta uzi. Karakanani nilikuwa mimi, mtoto mgongoni. Sheria yenu ni kwamba Mkaguzi akishindwa kuvitofautisha, viti vyote viwili vinapita. Mimi nilitaka kumkaribisha maji, yeye akaniomba nisiseme neno, jicho lake linamtosha. Akazunguka, akachuchumaa, akainuka, akakipa kimoja cheti na kingine akakibandika karatasi nyekundu iliyoandikwa BANDIA. Chenye cheti kikafungwa pale pale kwenye gari upande wa dereva na vijana aliokuja nao, gari likaondoka kabla mume wangu hajarudi. Cha pili nikaambiwa nikae nacho mpaka siku ya mkutano, ambapo kitachanwa kwa kisu mbele ya wanachama ili kisije kumdanganya mtu mbele ya safari.

Sasa, mzee wangu, kwenye kiti hicho analala Tonge.

Tonge ni huyo binti yetu, tunamwita hivyo kwa sababu ya mashavu. Tangu azaliwe hakuwa na habari na usingizi. Tulimjaribisha kitanda, tukamjaribisha mkeka, tukamfungia bembea ya kanga. Baba yake alimzungusha uani kwenye toroli la jirani yetu fundi mwashi mpaka mwashi akaja kuuliza kama toroli lake limepata kazi ya uyaya. Ile siku nakiingiza kiti chumbani, nilimweka juu yake ili tu nipate mikono miwili ya kupikia. Kugeuka, mtoto kalala, mikono juu kama mtu aliyeshinda mashindano. Mama mkwe hakuamini. Alimwekea kiganja puani kuhakikisha anapumua. Tangu siku hiyo nyumba nzima imepata afya, hata mimi nimeanza kukumbuka nilipoweka vitu.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, na kwa adabu zote.

1. Pua ya Bwana Mkaguzi. Alikiinamia kiti akakinusa, akasema hakina harufu ya ukale, kinanuka sabuni. Mzee wangu, Mkaguzi mwenyewe si kijana, na siku ile alinukia sabuni kukishinda kiti. Sikuona mtu akimbandika karatasi.

2. Alitoa kioo cha kukuzia akafuata mshono, akasema uzi umekwenda upogo, na kwamba mafundi wa viwandani enzi zile hawakushona kama watu waliotoka kunywa. Maneno hayo nilimfikishia mume wangu baada ya kuyachuja, na hata yakiwa yamechujwa yalimkaa. Yeye akishona hupiga mluzi, ndivyo majirani wanavyojua kwamba fundi yupo. Sasa karakana iko kimya, mpaka msusi wa mlango wa pili kaja kuuliza kama tumehama. Kiti chenyewe hajakitazama. Nilikitandika mpira wa mkojo na shuka juu yake, naye akipita anageuza uso kama mtu aliyekutana na mchumba wake wa zamani. Na kilichonichoma mimi zaidi ni kwamba Mkaguzi alipogeukia kile kiti kingine alikipapasa taratibu, akafumba macho, akasema watu wa zamani walijua kazi. Hilo sikumfikishia kabisa.

3. Alikikalia kiti hiki, kikalia kwii, akaruka kama amekalia paka. Akaandika kwamba kiti halisi hakipigi kelele. Hapa napinga moja kwa moja, maana mlio huo ndio unaomlaza Tonge. Akijigeuza kinalia kwii, naye anaitika kidogo, basi wanaongea hivyo wawili mpaka mmoja wao anapitiwa. Mume wangu alipokuwa anakishona, Tonge alikuwa hapo hapo akimwaga maziwa juu yake. Ni kama wamezaliwa pamoja. Kile cha kiwandani hakuwahi kukilalia hata dakika moja. Kama uhalisi ungekuwa na faida yoyote mwilini, mtoto mdogo angekuwa wa kwanza kuuhisi, kwa sababu yeye hajui kusoma vyeti.

4. Hili naliandika nikiwa nimepiga magoti. Huo uhalisi wenyewe uko wapi? Mume wangu ananiambia rangi ya gari lako ni mpya, magurudumu ni mapya, injini ilitoka kwenye gari jingine, na usukani uliletwa na shemeji yako. Nilipomsimulia msusi akaniuliza, sasa cha zamani hapo ni kipi, honi? Pale ofisini kwenu nimeiona picha yako ya ujana, umekaa ndani ya gari hilo hilo, nywele zimejaa kichwa mpaka zimegusa fremu ya picha. Kwa heshima zote, mzee wangu, nywele hizo leo hazipo, na chama bado kinakuita Mwenyekiti. Tena kwa furaha. Mimi naona ni haki kabisa.

Na kama kufanana ndilo kosa, basi kwetu tumekwisha. Mama mkwe anamwambia kila anayepita mlangoni kwamba Tonge ni kopi ya marehemu baba mkwe, paji la uso, masikio, mpaka kukoroma. Analisema kwa fahari, na wageni wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna hata mmoja aliyesema kopi hii ipelekwe Jumamosi ikachanwe.

5. Nasikia upande wa abiria mpaka leo hakuna kiti. Watu walimwona mama wa nyumbani akipita kwenye gari lako amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kwenye kofia, mwingine kwenye mlango, na anamsalimia kila mtu kwa kichwa tu kwa kuwa mikono imekwisha. Mama yule ni halisi, hilo halina ubishi, na hana pa kukaa. Kiti kipo, kizima, na kinasubiri kisu. Mzee wangu, hebu yatazame mambo haya yakiwa yamepangwa hivyo.

Maombi yangu ni haya. Karatasi nyekundu ibanduliwe. Chama kitamke mbele ya watu kwamba kiti bandia kilichoshonwa kwa moyo ni sawa na cha kiwandani, hakipungukiwi chochote, na ushahidi unakoroma nyumbani kwetu. Tena naomba Tonge ateuliwe mkaguzi msaidizi. Hahitaji kioo wala tochi, wala hataomba usafiri. Kiti kikiletwa, awekwe juu yake. Akilala, kimepita. Akilia, kirudishwe kwa fundi.

Na kama ni lazima kichanwe, basi namwomba Bwana Mkaguzi aje akichane hapa hapa chumbani, mchana, muda wa Tonge kulala. Akimaliza akae abaki naye. Amweleze mwenyewe kuhusu enzi za viwanda, ambembeleze, amzungushe uani. Toroli nitamwombea kwa mwashi.

Mume wangu hajui kwamba naandika. Anafikiri nafanya hesabu za sabuni. Siandiki kwa hasira, mzee wangu, naandika nikiwa na matumaini, kwa sababu siku ulipoleta gari nilikuona ukimpungia Tonge kwa vidole viwili akiwa mgongoni kwangu, na mtu anayempungia mtoto asiyemjua hawezi kuwa na ubaya wa kutisha.

Msalimie sana mama, mwambie pole ya ndoo. Msalimie Katibu, mlinzi wa getini, na dada anayefagia ofisi na kuipangusa ile picha. Msalimie pia Bwana Mkaguzi pamoja na pua yake. Hapa mama mkwe anakusalimu, msusi anakusalimu, na mwashi anasema toroli lipo.

Ni mimi mwanao,
Mama Tonge, mke wa fundi viti.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Tonge alikuwa anakula juu ya kiti na kijiko chake kikatumbukia kwenye pengo la mgongo wa kiti. Nilimwita baba yake, ikabidi akiguse kiti kwa mara ya kwanza tangu kikataliwe. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Badala ya kijiko kikatoka kitana cheusi cha meno marefu, cha kuchania nywele nyingi. Tukatazamana. Nyumba hii haijawahi kuwa na kitana kama hicho. Akafunua shuka, akautoa mpira, akaufuata ule mshono wa upogo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema taratibu kwamba mkono huo si wake.

Mzee wangu, kiti cha asili ni hiki. Kile kilicho kwenye gari lako, kile chenye cheti, ni cha mume wangu. Ilibidi sasa nimfikishie na yale maneno kwamba watu wa zamani walijua kazi. Hajatimiza miaka thelathini.

Kwa hiyo naomba uyafute yote niliyoandika hapo juu. Mkaguzi ana jicho la pekee, asibadilishe hata neno. Karatasi nyekundu ibaki ilipo. Hiki ni bandia, na tunaomba kiendelee kuwa bandia, ila iwe bandia ya kusamehewa. Baba Tonge anasema lazima uujue ukweli, ndiyo maana kitana nimekitia humu ndani ya bahasha, na zile nywele chache zilizokwama sikuzigusa, maana hizo ni za asili. Ukitaka kiti chako utapewa, hatuna neno, ila mje wewe na Mkaguzi mumlaze mtoto. Usipokitaka, mume wangu atamshonea mama kiti kingine cha kufanana na hicho chenye cheti, maana kipimo cha Mkaguzi sasa anakijua.

Ameshaanza kukata ngozi, anapiga mluzi. Nimemwambia apunguze, Tonge amesinzia. Ukija usibishe hodi, sukuma tu mlango.