Paka wa Mtaa Mzima Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu amefaulu, ni daktari wa wanyama! Mtaa mzima unajua, nimehakikisha. Mama Pacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, kanijibu kwamba mwanawe yuko benki. Benki! Benki imemponya nani?

Binti kasema kwa simu virusi vya paka vimeenea kuliko watu wanavyodhani. Paka anaonekana mzima, kumbe kabeba. Nikapata wazo. Akija likizo akute wagonjwa wanamsubiri, Mama Pacha akiona.

Jumatano, 5 Juni
Sebule imejaa paka. Nimewakusanya mapema wazoeane, wasije wakapigana mbele ya daktari. Mshonaji wa nyumba ya pembeni alisita kumleta paka wake, Pamba. Mjane yule, jioni hana mwingine wa kuzungumza naye. Nikamwambia kwamba mama wa daktari hakosei. Akaniachia. Nikawawekea maziwa wote kwenye sinia moja, kama ndugu. Mmoja alipiga chafya. Vumbi tu.

Ijumaa, 7 Juni
Si vumbi. Chafya nyumba kwa nyumba, macho yamejaa tongotongo. Mama Pacha anatangaza kwamba paka wake aliingia kwangu akiruka, akatoka amebebwa. Nikampigia binti. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Mama, sinia moja?" Akaeleza kwamba mafua ya paka hupita kwa mate na kwa chafya, kila mmoja atengwe. Pamba hali chochote.

Jumapili, 9 Juni
Pamba amekufa.
Nilikwenda. Cherehani imefunikwa kitambaa. Mshonaji akasema taratibu, "Jirani, huyo daktari mimi simjui. Nilikuamini wewe."
Nimelia hadi kichwa kinauma. Ni mimi. Si vumbi, si virusi, ni mimi na mdomo wangu.

Jumanne, 11 Juni
Sijisifu tena. Basi.
Nimemtafutia mshonaji mtoto wa paka. Kampokea kwa mikono miwili, akampa nafasi mapajani.
Binti anakuja na chanjo. Anataka kupita nyumba kwa nyumba, paka wabaki makwao. Binti huyu ana haya kama baba yake. Daktari mzima azunguke milangoni mwa watu, nani atamwona? Nimeazima viti, nimeosha sinia vizuri kwa maji ya moto. Mshonaji nimemwambia aje na paka wake mdogo. Kaitikia.
Wote kwangu, na paka wao, Jumamosi.