Malalamiko ya Kamati ya Harusi ya Marehemu Don Baltasar

Kwa Ndugu Leandro Valcázar, mwandishi wa riwaya ya kutisha iitwayo Bibi Harusi wa Ukungu, Lima.

Ndugu Mwandishi,

Tunatumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kama u mgonjwa, basi uwe na nafuu ya kutosha kuisoma mpaka mwisho. Sisi huku San Calixto hatujambo. Viazi vimekauka vizuri kwa baridi, lama wetu wa mizigo wamezaa, na marehemu Don Baltasar, mwanzilishi wa mji wetu, ameketi kitini pake kama kawaida, akingojea harusi yake ya Jumapili.

Mimi ni Hermelinda Ccopa, yule mama uliyelala kwake ulipokuja ukisema wewe ni mtafiti wa ndege. Ulikula supu yangu ya kondoo ukaomba nyingine. Kamati ya Harusi imeniteua nikuandikie kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na bibi harusi wa mwaka huu ni binti yangu Nélida. Mwenyekiti wetu, Don Fortunato Ayarza, amekaa hapa kando na anasoma kila sentensi ninayoiandika. Kwa hiyo ukiona heshima imezidi, ni yake.

Riwaya yako imetufikia. Imepita mikono mingi hadi jalada limeng'oka. Mji wetu umeubadilisha jina, lakini hata lama wangeutambua. Malalamiko yetu ni haya:

1. Umeandika kwamba bibi harusi huchaguliwa na kunguru wanaotua juu ya paa la nyumba yao. Huu ni uzushi. Milima hii haina kunguru hata mmoja, na mtafiti wa ndege ungepaswa kulijua hilo. Sisi tuna utaratibu wa haki, tena wa wazi. Don Baltasar hubebwa pamoja na kiti chake kuzunguka mji, amevalishwa kofia yake, na pale wabebaji watakapojikwaa, nyumba hiyo ndiyo inayotoa mke. Kamati haichagui mtu, mguu ndio unaochagua. Wapo watu wa maneno wanaosema kwamba wabebaji hujikwaa siku zote huku kwetu mtaa wa chini, na kwamba mbele ya nyumba za kina Ayarza hawajajikwaa tangu dunia iumbwe. Jibu ni rahisi: kwa kina Ayarza barabara imesakafiwa. Kwetu ulichimbwa mtaro wa maji kabla ya sikukuu, kisha ukasahauliwa. Mwaka huu wamejikwaa mlangoni pangu. Mmoja wao, Teófilo, aliniambia huku akijipangusa tope, "Mama Hermelinda, tusamehe bure. Sisi tulikuwa tunaukwepa huo mtaro, Don Fortunato akatufokea, pitieni hapo hapo katikati, mnaogopa nini!" Mwenyekiti anataka nieleze kwamba alikuwa anaongoza msafara tu.

2. Umeandika kwamba marehemu humla bibi harusi moyo. Ndugu, marehemu hana meno. Alikaushwa na baridi kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, na hata pombe ya mahindi tunayomnywesha siku ya sikukuu humwagikia kifuani. San Calixto haijawahi kumuua mwanamke yeyote. Tunachofanya ni kumwingiza nyumbani kwa mumewe, kuuziba mlango kwa mawe, na kumwachia kitundu cha kupitishia supu, mpaka sikukuu ya mwakani. Basi. Wengi hutoka wazima. Bi Casilda alitoka na afya yake. Tangu siku hiyo huzungumza na kuku tu, na kuku wake wanataga kuliko kuku wote wa mji. Wale waliofia mle ndani walikufa kwa kifua, na kwa kifua huku anakufa kila mtu, hata padri. Kuyaita mambo hayo laana ya damu ni kutafuta wateja.

3. Umeandika kwamba watu wa mji huu hawacheki. Tumecheka sana.

4. Lalamiko hili limefutwa na Mwenyekiti.

5. Sasa tuje kwenye kubwa lao. Katika sura ya mwisho msichana wako anakataa, anatoroka, na anaishi. Hapo umetuharibia mji. Wasichana wetu wamekisoma kitabu hicho kikiwa kimefichwa ndani ya mafurushi ya sufu, wakasomeana kwa sauti wakidai wanasokota nyuzi. Zamani bibi harusi alilia kidogo, akavishwa shela, akaingia. Siku hizi wanauliza maswali. Kamati ilipokuja kwangu na pombe na simbilisi wa kuchoma, kama adabu inavyotaka, Nélida alisimama mbele ya wazee wazima akasema, "Don Fortunato, na wewe si una mabinti wawili pale nyumbani, wananenepa tu? Mbona asiingie mmojawapo?"

Mwenyekiti akamwambia, "We binti, mdomo huo umeuokota wapi?"

"Sura ya mwisho, mzee."

Simbilisi hakuliwa. Nilimkaripia mwanangu mbele ya wageni kama inavyonipasa, lakini ndani nilikuwa nimejaa hofu, nami siwezi kuificha. Mlango ukishazibwa hakuna wa kuufungua kabla ya mwaka, na kifua cha Nélida tangu utotoni si kizuri. Akikohoa mle ndani hakuna wa kumpashia maji moto. Mwenyekiti anasema sehemu hii ibaki kama ilivyo, kwa sababu itakufanya ujisikie vibaya.

6. Kwa hiyo Kamati inadai yafuatayo, kwa unyenyekevu mkubwa. Utoe toleo jipya ambamo msichana anaingia kwa hiari yake na akitoka anashukuru. Kwenye jalada uondoe lile fuvu, uweke picha ya mtaa wa kina Ayarza, ule uliosakafiwa. Na endapo wasichana wetu wote watakataa kwa sababu yako, basi pengo hilo ulijaze wewe mwenyewe. Usishtuke, jambo hili limejadiliwa kwa kina. Mzee mmoja aliuliza kama inawezekana mwanamume kuwa mke wa marehemu, na Mwenyekiti akamjibu, "Kwani marehemu ataona nini? Macho si yalishadondoka zamani!" Hoja ikapita bila kupingwa. Shela imekwisha kupimwa. Itaongezwa kitambaa mabegani. Utapata utulivu wa mwaka mzima, kitu ambacho tunasikia ninyi waandishi mnakililia kila siku, na hutasumbuliwa na wageni. Supu ni ile ile uliyoisifu.

Kamati inaamini kwamba mtu mwenye elimu kama wewe ataona mantiki ya haya yote, na kwamba utajibu kabla ya Jumapili.

Tunakutakia afya njema na majuto ya kutosha. Tusalimie wazazi wako, mchapishaji wako, huyo aliyechora fuvu, na ndege wote uliowatafiti. Mabinti wa Don Fortunato wanakusalimu. Wao wameipenda sana riwaya yako, hasa kwa kuwa haiwahusu.

Wako katika kuilinda mila,

Hermelinda Ccopa
kwa niaba ya Kamati ya Harusi, San Calixto
(Muhuri wa Mwenyekiti)

Nyongeza: Mwenyekiti ameridhika, amegonga muhuri, na amekwenda kukagua mawe ya ukuta. Sasa tumebaki mimi na wewe. Ndugu Leandro, usibadilishe hata nukta. Kitabu chako nilikinunua mimi kwa mchuuzi wa sufu, na mimi ndiye niliyewagawia wasichana. Jumapili Kamati ikija kuuliza bibi harusi yuko wapi, nitawaambia wakasome sura ya mwisho.

Lakini kosa moja umelifanya kweli, nalo sikutaka kuliandika mbele yake. Msichana wako anatoroka kupitia tundu la paa. Paa la nyumba ile halina tundu. Najua, kwa sababu niliingia mle nikiwa na umri wa Nélida, na mwaka mzima nilipapasa kila jiwe nililoweza kulifikia. Ulipokuwa unakula supu yangu hukuniuliza, nami yaliyonipata mle sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Anayetaka kutoka mle lazima aondoke kabla ukuta haujajengwa.

Aliyekukabidhi barua hii bado amesimama mbele yako. Ndiye Nélida. Mkaribishe ndani, na mlango uuache wazi.